Nafasi ya Kuitikia

Mama yangu kila alipotuma voisi, aliacha nafasi ya kuitikiwa. Alisema "Assalamu alaykum," akanyamaza. Ukimya ule ulikuwa wangu mimi, nimjibu "Waalaykum salaam" nikiwa nimesimama jikoni kwangu Kengeja, na yeye yuko kwao upande wa Gando, ncha nyingine kabisa ya kisiwa. Kisha akaendelea: "Wambaje, mwanangu?" Akanyamaza tena. "Wajukuu zangu hawajambo?" Kimya. "Na mume wako, yu mzima?" Kimya. Nyuma yake utasikia kuku, utasikia mtu anapita njiani na kupiga hodi, na mama hasemi kitu, ananingoja mimi.

Nilimweleza mara nyingi kwamba simu haifanyi kazi hivyo. Nilimwambia, mama, unaporekodi mimi sikusikii, naja kusikia baadaye, kwa hiyo sema tu moja kwa moja. Siku moja alinijibu kwa voisi ndefu kuliko zote.

"Najuwa," alisema. "Mie si mtoto. Lakini nikusalimu kisha nisingoje jawabu, n'na haraka ya kwenda wapi?"

Basi nikamwacha. Kabla hajafika kwenye habari yenyewe, salamu zilikuwa zimeshakula nusu ya bando langu, na mimi nilikuwa nimeshamjibu zote kwa sauti, peke yangu, wanangu wakinicheka.

Simu yenyewe alinunuliwa na kaka yangu, mkubwa wetu, anayefanya kazi ya ofisini Chake. Walikwenda pamoja kusajili laini, na huko ndiko mashine ilipomkataa mama. Aliweka dole gumba, mashine ikasema hapana. Akaweka la pili, hapana. Akapangusa vidole kwenye kanga, akaambiwa avilambe, akaambiwa avikaushe, bado hapana. Mama alituzaa na kutusomesha kwa kuponda makumbi, yale maganda ya nazi yanayozikwa kwenye tope la pwani mpaka yaoze, yakafukuliwa, yakapondwa, ukasokotwa usumba wake kuwa kamba. Maisha mazima ya kusokota kamba kwa vidole hivyo. Alama zilikuwa zimelika.

"Mngu kaniumba n'na vidole kumi," alimwambia mwenye kibanda. "Mashine yako ikiwa haivioni, basi ina ila hiyo mashine."

Watu walicheka, kaka akaweka dole lake, mashine ikaridhika mara moja. Laini ikawa ya mama kwa matumizi na ya kaka kwa jina. Nani angeona ubaya? Pemba nzima imejaa laini za namna hiyo, bibi anazungumza kwa dole la mjukuu.

Kaka ndiye aliyemfundisha kutumia. Ni mtu makini, kaka yangu. Alimpa masomo yote ya usalama wa mtandaoni kama alivyoyasikia kazini: usimpe mtu namba ya siri, ukiambiwa umeshinda zawadi usijibu, usibonyeze kitu usichokijua. Mama alishika yote. Aliwahi kupigiwa na tapeli aliyejifanya anatoka kwenye kampuni ya simu, akamsalimu, akamuuliza kwao wapi, mama yake nani, na kwa nini kijana mwenye sauti nzuri hivyo hatafuti kazi ya halali. Tapeli alikata mwenyewe.

Tatizo lilikuwa majina. Kaka aliyaandika majina yetu kwa herufi za shuleni, na mama herufi hizo hakuzijua. Naomba nisieleweke vibaya. Mama alisoma Msahafu mwanzo hadi mwisho na kuurudia, alisomesha watoto wa watu barazani kwake, na angeweza kukuandikia Kiswahili kwa herufi za Kiarabu ukasoma ukafurahi. Lakini mtu wa namna hiyo siku hizi anaitwa hajui kusoma, na hata sisi wanawe tulimwita hivyo bila kufikiri. Simu ile ingeweza kuandikwa majina yetu kwa Kiarabu, jambo la dakika chache tu. Halikumjia mtu akilini.

Kwa hiyo alitutambua kwa picha. Na sisi wanawake wa kwetu hatuweki nyuso zetu kwenye kile kiduara cha picha, tunaweka maua. Ukifungua simu ya mwanamke wa Pemba utadhani umeingia bustanini. Mimi nilikuwa waridi jekundu. Shangazi yetu wa Makangale alikuwa yasmini. Mke wa kaka alikuwa maua ya rangi ya zambarau ambayo hata yeye hakuyajua jina. Mama alikuwa akisema, "Jana nilimpigia Yasmini, hakushika." Mimi aliniita Waridi, na katika uzee wangu huu sikuwahi kupewa jina lililonipendeza zaidi.

Alikuwa na mchezo pia. Kuna mchezo wa kwenye simu wa kupanga matunda ya rangi moja yakapasuka, na mama aliupenda. Alicheza baada ya alasiri, miwani puani, tasbihi pembeni, na kila yakipasuka mengi kwa pamoja alisema "Allahu Akbar." Kaka alimwambia ule ni upuuzi unaomaliza chaji. Mama akamuuliza, "Na mpira unaoutizama weye na kupiga kelele, huo wamalizia nini?" Nasikia watu wenye elimu wakibishana kama michezo ya simu inaharibu akili. Mimi nilimwona mjane aliyekuwa akiukalia mkeka peke yake kila jioni akipata kitu cha kumfurahisha mpaka maghribi, basi mimi upande wangu unajulikana.

Sasa habari ya maji. Kijijini kwa mama kulikuwa na mabomba, lakini maji yalipita nyumba nyingine yakaruka nyingine. Yalifika bila shida kwa bwana mmoja aliyekuwa na usemi katika mambo hayo ya maji, na kwa jamaa zake. Kwa mama yalikuja kidogo, halafu yakakatika kabisa. Hilo halikuwa siri. Wanawake walilisema kisimani kila asubuhi, walilisema kwenye maulidi, walilisema mpaka mbele ya mke wa bwana mwenyewe, naye akacheka nao. Kisimani unaweza kumsema mtu yeyote. Maneno yanabaki pale, yanamwagika na maji, na kila aliyesikia na yeye amesema lake.

Siku moja mama aliamua kunieleza mimi. Alinisalimu kama kawaida, akaningoja kama kawaida, kisha akafungua moyo. Alisema alipita nyuma ya nyumba ya yule bwana akakuta mpira wa maji umeachwa wazi shambani, maji yanamwagika chini ya migomba mpaka yamefanya kidimbwi, na yeye ametoka kusali kwa kutayamamu, kwa kugusa vumbi badala ya kutawadha kwa maji, kama msafiri wa jangwani.

"Migomba yake yatawadha," alisema, "na sie Waislamu twatayamamu."

Alikuwa na ulimi, mama yangu. Maneno kama hayo yalimtoka bila kuyatafuta, na aliyasema nicheke mimi tu, kwa sababu alijua nitacheka.

Lakini hakuyatuma kwangu. Wiki hiyo kulikuwa na arusi ya mtoto wa jirani, na wenye arusi walifungua kundi la kuchangia na kupanga mambo. Wakamtia na mama. Kundi lina watu wa kijijini, wa Wete, wa Unguja, wa Dar es Salaam, wa Maskati, watu ambao mama hajawaona tangu wako tumboni. Na kwa kuwa ni arusi, kundi waliliwekea picha. Waliliwekea waridi jekundu.

Hakuna somo la usalama lililotufundisha hilo. Walitufundisha namba ya siri, walitufundisha matapeli. Waridi hawakulitaja.

Jamaa wa yule bwana walikuwemo kundini, na watu wasiompenda walikuwemo pia, na hao wa pili ndio waliofanya kazi. Kufikia adhuhuri voisi ilikuwa imeshatoka nje ya kundi. Kufikia kesho yake ilikuwa inachezwa kwenye mabaraza ya Wete. Mtu akaikata akabakisha yale maneno, mwingine akaitilia muziki. Watu wakaanza kusema "twatayamamu" kwa kila kitu kilichopungua: mafuta yakikosekana, twatayamamu, mishahara ikichelewa, twatayamamu. Watoto waliotoka madrasa walipita mbele ya nyumba ya mama wakilitamka na kukimbia. Wengi walikuwa wakimsifu, nakiri. Kuna waliosema bibi huyu ana haki, bibi huyu shujaa. Lakini mama hakuwa ameomba kuwa shujaa wa mtu.

Nilikwenda kumwona. Nilimkuta ukumbini amejifunika kanga mpaka kichwani, ndani ya nyumba yake mwenyewe. Sikuwahi kumwona hivyo hata katika eda ya baba.

"Mwanangu," aliniambia, "sauti yangu imo mifukoni mwa wanaume n'siowajuwa."

Nilitaka kumwambia mama, si kitu, watu watasahau. Sikuweza. Kwake sauti ilikuwa sehemu ya sitara, kama nywele. Aliwasomesha watoto Qur-ani kwa sauti ile, na akipita mwanamume mgeni njiani aliishusha. Sasa ilikuwa inapigiwa ngoma.

Kaka aliitwa. Sitasema aliitwa na nani wala wapi, kwa sababu hata mimi sasa nimejifunza. Hakupigwa, hakufungwa. Alikalishwa, akapewa chai, akaambiwa kwa upole kwamba laini iliyotoa maneno yale ina jina lake, na yeye ni mtumishi wa serikali, ana watoto, ingekuwa vizuri awe mwangalifu. Ni hayo tu. Watu wanaojua kuzungumza redioni wakitetea uhuru wa maoni wanaanza na katiba. Mimi nikisikia neno hilo naikumbuka ile chai. Kaka alirudi kutoka huko uso umemshuka, akaja moja kwa moja kwa mama.

"Mama, simu hii jina langu," alisema. "Ukisema weye, n'mesema mie."

"N'samehe, baba," mama akamwambia mwanawe. Mimi nilikuwepo. Nilitamani ardhi inimeze, kwa kumsikia mama anamwomba msamaha mtoto aliyemzaa, kwa kosa la kusema maji hayatoki na kweli hayatoki.

Kaka aliichukua simu akafuta kila kitu. Kisha akatwambia sote tufute voisi zote za mama, za zamani na za sasa, maana haijulikani ndani yake kuna nini tena. Alisema kwa hofu, si kwa ukali, na hofu yake ilitushika sote. Nilikuwa na voisi zake za miaka. Za kunielekeza namna ya kupika boko boko lisishike chini, za dua mwanangu alipofanyiwa upasuaji, za kunisalimu tu na kumaliza. Nilizifuta nikiwa nimekaa ukingoni mwa kitanda, na simu iliniuliza kama nina hakika. Hata shangazi wa Makangale, ambaye hafuti kitu, anayehifadhi mpaka matangazo ya mikopo, safari hii alifuta. Tulitii kupita kiasi.

Mama alikwenda kwa miguu kumtaka radhi yule bwana, kwa sababu aliona amemsengenya, na aliyesengenywa ndiye wa kuombwa. Bwana yule alimpokea vizuri, akamwita Bi Mkubwa, akasema yameisha. Lakini mama alirudi hana raha. Waliosikia walikuwa wengi, wote aliona amewashirikisha katika dhambi hiyo, na wengine hakuwajua. "Hawa wa Maskati n'tawataka radhi vipi?" aliniuliza.

Tangu siku hiyo hakutuma voisi tena. Nikimpigia alishika, akajibu "alhamdulillahi" kwa kila swali, akampa simu yake kaka au jirani. Salamu zile ndefu zilikwisha. Hata nikienda kwake, akitaka kuniambia jambo lolote, bei ya samaki, mgonjwa wa jirani, alitazama kwanza simu yangu iko wapi. Nikaanza kuiacha nje kwenye mkoba. Hata hivyo alisema kwa kunong'ona, mwanamke ambaye alikuwa akicheka kisimani unamsikia barabarani. Kitu pekee alichoendelea nacho kwenye simu ni mchezo wake wa matunda. Kaka hakuufuta kwa sababu hauna maneno. Aliucheza sauti imezimwa, na matunda yakipasuka hakusema kitu.

Maji yalikuja. Nasema kwa haki, yalikuja. Miezi kadhaa baadaye walipita mafundi wakachimba, wakabadilisha mabomba, na bomba la uani kwa mama likaanza kutoa. Hakuna aliyesema ni kwa sababu gani, na hakuna aliyemwambia mama ahsante.

Aliondoka baada ya mfungo uliofuata. Presha, walisema hospitali. Alianguka asubuhi akitoka kuwapa kuku chakula, na nilipofika kutoka Kengeja alikuwa hawezi tena kusema. Alinitazama tu. Nilimsalimu, "Assalamu alaykum, mama," nikamngoja. Nilimngoja sana. Jioni ya siku ya pili akatutoka.

Tulimwosha kwa maji ya bomba. Yalikuwa mengi, yalimiminika mpaka yakafika kwenye mizizi ya mpapai wake. Mwanamke mmoja aliyekuwa akitusaidia alisema mashallah, maji yapo. Nikatoka nje nikalia.

Baada ya hitima ndipo nilipotaka kumsikia. Sikuwa najua kwamba mtu anaweza kuitamani sauti hivyo, kama mwenye kiu. Nilifungua simu yangu, hakuna kitu. Niliwauliza ndugu wote, kila mmoja alikuwa amefuta. Kaka alikuwa ameshafika mbali kuliko mimi. Aliipeleka simu ya mama kwa fundi Chake, akamwomba atafute chochote, hata salamu moja, fundi akatikisa kichwa. Kaka alinipigia kunieleza huku akilia. Nilikuwa na hasira naye, hasira niliyoilea kwa muda mrefu, nikakuta haina pa kukaa, maana yeye na mimi tulikuwa tunalilia kitu kimoja. Aliniambia simu ile ikiwashwa inatoa ujumbe mmoja tu. Ni ule mchezo. Unasema umemkumbuka, arudi kucheza.

Mimi sichukii teknolojia. Watu wakinisikia nikisimulia haya wananiambia, ndiyo maana simu ni balaa. Si hivyo. Simu ndiyo iliyoniletea mama jikoni kila asubuhi kutoka upande wa pili wa kisiwa. Waliomnyang'anya sauti ni watu, na wengine walimnyang'anya huku wakimpigia makofi.

Juzi hapa Kengeja alikuja jirani mpya, mke wa mwalimu aliyehamishiwa huku, mcheshi, hajui chochote kuhusu mimi. Alinikuta nachambua mchicha, akakaa, akatoa simu.

"Dada, ushawahi kumsikiliza huyu bibi?" aliniuliza akicheka tayari. "Nikiwa na huzuni namsikiliza yeye."

Akabonyeza. Ngoma ikaanza, na ndani ya ngoma akatoka mama. Niliinamia mchicha. Jirani alifikiri nacheka, kisha akaona uso wangu. Nilimwambia ni mama yangu. Masikini, alitaka kuificha simu kwenye nguo zake, akaniomba msamaha mpaka machozi. Nikamwomba anitumie. Ikaja kwangu na ile alama ya kwamba imeshatumwa mara nyingi, na chini yake mtu fulani ameweka nyuso za kucheka.

Sasa ninayo. Katika sauti yote ya mama iliyobaki duniani, ni hiyo niliyonayo, ile ile iliyomnyamazisha. Nimeizoea ngoma, nimejifunza kusikiliza chini yake. Ninachoshindwa kukizoea ni kimoja. Aliyeikata alitaka iwe fupi, ichekeshe haraka, kwa hiyo alitoa salamu zote, kisha akatoa kila mahali aliponyamaza. Mama anasema mfululizo, mpira, migomba, vumbi, twatayamamu, hajawahi kusema hivyo maishani mwake. Hakuna pumzi. Hakuna hata pahali pamoja pa kutia neno.

Mimi huifungua asubuhi jikoni, chai ikiwa motoni. Husema "Waalaykum salaam, mama. Mimi mzima. Wajukuu zako hawajambo. Mume wangu naye mzima." Nasema yote kabla sijabonyeza, kwa sababu nikishabonyeza hanipi nafasi.